PIKAPU YA BUYENZI NA MLIMA WA BUGARAMA

Mwezi huu twende Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa mafundi wa magari. Sisi tuliokulia kule tunaujua ule mlio wa Hilux ya zamani ikiwashwa asubuhi, moshi mweusi mpaka barazani.

Familia nyingi zinazorudi hukodi pikapu kama hiyo kubeba mizigo, nao wanakodi gari na kulipa mazutu (wengine mnasema dizeli). Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Gari linakula lita ngapi?

Dereva atasema: kilomita 12 kwa lita. Labda, likiwa tupu, taratibu, barabara ya ziwani kuelekea Rumonge. Hilux ya mashine ya 3L, ile ya lita 2.8, ikiwa nzima na ina mzigo wa kiasi, hesabuni kilomita 9 au 10. Land Cruiser ya silinda sita, mashine ya 1HZ, hesabuni 7 au 8, na msibishane nayo.

Lakini Bujumbura iko chini, mita 800 hivi juu ya bahari, na Bugarama iko karibu mita 2,200. Kilomita kama 35 tu, zote kupanda! Kuinua tani mbili na nusu, gari na mzigo, hadi kule juu kunakula peke yake lita tatu na nusu hivi, mbali na zile za kawaida za safari. Jumla lita 7, yaani kilomita 5 kwa lita. Tena hewa ya mlimani ni nyepesi, pompu inamwaga mazutu yasiyoungua yote, ndiyo ule moshi. Noseli zilizochakaa, chujio la hewa lililojaa vumbi, tairi zisizo na upepo, breki zinazoshika, vyote vinaongeza.

Kushuka ni rahisi, gari likiwa kwenye gia linatumia kidogo mno. Wengine huweka frii ili kubana mafuta. Jamani! Kwenye zile kona, na baiskeli za ndizi zinashuka mbio, breki zikichemka hamna kitu.

Kupima ni hivi: jazeni tangi mpaka shingoni, endeni, jazeni tena, gawanyeni. Kama mita imekufa (na mara nyingi imekufa), Bujumbura mpaka Gitega ni karibu kilomita 100.

Kwa hiyo Hilux yenye mzigo kwenda Gitega ni kama lita 15, kurudi tupu kama 10. Chukueni 28 kwa tahadhari, maana tangu 2022 tumeona vituo vikikaa siku nyingi bila tone. Anayewaambia 16 kwenda na kurudi atakwama huko njiani, na anayetaka 40 anajaza dumu lake la kuuza.