Vidonge vya presha vilivyobaki kabatini

Ndugu mkulima, leo korosho na ufuta naziweka pembeni. Nina habari ya mama yangu, na najua wengi wenu mna mzazi wa namna hii.

Mama ana presha mwaka wa sita sasa. Anameza kidonge kimoja kwa siku, na kila mwezi anapewa 30. Mpunga ulipoanza kukomaa alivuka mto kwenda kuamia ndege, akakaa dunguni wiki tatu. Siku moja natafuta panga nyumbani kwake, nikakuta vidonge kabatini, 26 vimo. Nikavuka siku ileile.

"Mwanangu, kichwa hakiniumi. Ninywe dawa ya nini?"

Nikamtolea somo langu la ugani. Salfa ya korosho hatusubiri ubwiriunga utapakae ndipo tupulize, na presha ni hivyohivyo: haikuambii kitu, huku inachosha moyo, figo na mishipa ya kichwani, mpaka siku ya kiharusi. Akaitikia kila neno. Nikajiona nimefundisha.

Zahanati tulikuta 190 kwa 110. Presha huhesabika ya juu kuanzia 140 kwa 90, na kweli kichwa kilikuwa hakimuumi hata kidogo.

Daktari hakumfokea. Alimwuliza tu, "Mama, hivi vidonge vinakusumbua wapi?" Ndipo ikatoka. Ni vile vya kupunguza maji mwilini, naye alizoea kuvimeza jioni. Nyumbani choo kipo karibu. Dunguni je? Ashuke ngazi mara tatu usiku wa giza, na viboko wanapita palepale! Mimi mwenyewe nisingevimeza. Somo langu la salfa halikugusa jambo hilo.

Daktari akamwambia ameze asubuhi. Basi. Vidonge vingine sasa vinakaa dunguni, kwenye kopo kavu lenye mfuniko, pamoja na majani ya chai, kwa sababu chai mama hasahau. Mjukuu humpigia saa moja asubuhi kumwamkia, na salamu haziishi bila kuulizia kidonge. Akisahau leo, kesho anameza kimoja kilekile, havifidii viwili. Na tunachukua vingine wiki moja kabla havijaisha, maana mto ukijaa huvuki.

Juzi alipimwa 138 kwa 84. Jumamosi navuka kumpelekea vya mwezi ujao, na nimeagizwa sukari.