Vidole vya Padre Mzee

Asubuhi ile padre wetu mzee, anayetufundisha Kilatini kama alivyowafundisha walezi wetu, aliangusha kikombe cha chai na hakujaribu kukiokota. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Lakini paji la uso lilikunjamana pande zote mbili, kama kawaida yake anaposikia mtu amekosea kunyambua kitenzi, nasi tukajidanganya kwamba ni uchovu tu. Tulichelewa kumpeleka hospitali. Kilikuwa kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo. Baadaye tulijifunza kwamba misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka nusu zote mbili za ubongo, kwa hiyo nusu moja ikiumia, paji huendelea kukunjamana.

Aliporudi, sisi mafrateri tuligawana zamu wawili wawili. Kwanza aliweza kuketi, kisha kusimama kwa mkongojo. Bega la kulia likaamka, kiwiko kikafuata. Vidole, hapana. Vilibaki vimekunjwa kiganjani.

"Baba, jitahidi kidogo," tulimwambia kila siku. "Kaza nia." Naye alikitazama kidole gumba chake mpaka jasho likamtoka. Na tuseme ukweli: kule bwenini tulianza kunong'onezana kwamba mzee amekata tamaa.

Mama mtaalamu wa fiziotherapia, aliyekuwa akija kila Jumanne, alitusikia tukimhimiza hivyo. Akatuketisha mbele ya Padre mwenyewe, akaanza kutueleza.

Juu ya ubongo, alisema, kuna ukanda wa mwendo unaopita kama kitambaa cha kichwa, kutoka utosini kuelekea masikioni. Mbele yake kuna sehemu nyingine zinazoandaa mwendo kabla haujafanyika. Tulikuwa tukidhani ukanda huo ndio peke yake unaotoa amri. Sivyo, sehemu hizo za mbele nazo zina nyuzi zao zinazoshuka mpaka kwenye uti wa mgongo. Zote kwa pamoja ni kama milioni moja kila upande. Ndani kabisa ya ubongo hubanana katika njia nyembamba, mithili ya mabasi ya mikoa yote kwenye daraja moja, na ndiyo maana jeraha dogo mahali hapo huweza kulaza nusu nzima ya mwili. Halafu, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo, karibu tisa kati ya kila kumi huvuka kwenda upande wa pili. Kushoto kuliumia, mkono wa kulia ukanyamaza.

Lakini kwa nini bega na si kidole? Hapo mama yule alikaa sana. Kiwiliwili, bega na nyonga vina njia nyingine za zamani zinazotoka kwenye shina la ubongo, na nyingi kati yake huhudumia pande zote mbili. Kwa vidole ni tofauti. Binadamu ana nyuzi zinazotoka juu ya ubongo moja kwa moja hadi kwenye seli zinazoamuru misuli, bila mpatanishi katikati, na vidole ndivyo vinavyozitegemea kuliko viungo vingine. Zikikatika, hakuna njia nyingine inayoziba pengo sawasawa. Mwaka 1968 Lawrence na Kuypers walionyesha jambo hilo kwa nyani waliokatwa njia hiyo pande zote mbili: baada ya muda walitembea na kupanda tena, lakini hawakuweza kuchomoa chakula kwa kidole kimoja kimoja.

Padre alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza, kwa ulimi mzito, "Kwa hiyo si uvivu wangu?"

"Si uvivu, Baba."

Mama yule alitabasamu. Sisi tulitazama sakafu. Usiku huo mmoja wetu alirudi chumbani kwake kuomba msamaha, akatukuta wengine tumekwisha kutangulia.

Mazoezi yanaendelea. Kidole gumba husogea kidogo siku nyingine, siku nyingine hakisogei, wala hatumwambii tena akaze nia. Baada ya Sala ya Mwisho wa Siku hutubariki kwa mkono uleule wa kulia, akiuinua kutoka begani. Kwanza lakini tunavinyoosha vidole vyake taratibu, kimoja kimoja, kwa kuwa hataki kubariki watu na ngumi.