Mwenye kibuyu anaonja wa kwanza

Kwetu Bushi, mtu akikupa kasiksi hawezi kukunyooshea kibuyu hivi hivi kisha akae kukuangalia. Anakitwaa kwanza yeye, anakunywa fundo moja ao mbili mbele ya macho yako, anapangusa mdomo wa kibuyu kwa kiganja, njo anakupa. Mgeni aliyekuja mara ya kwanza anaweza kuzani ni ulafi, ao kwamba mwenye nyumba hajui kupokea watu. Kumbe njo heshima yenyewe. Maana yake: hakuna kitu nimetia ndani, na kama kiko, tutakufa wote wawili. Watoto wetu wa mujini hawajui tena desturi hii, na wengine wakiiona wanacheka, wanasema ni kupashana mikrobi. Mimi ni mwalimu wa biolojia, mikrobi ninaifundisha kila mwaka, lakini nimeomba niandike juu ya kibuyu katika kitabu hiki cha chama chetu, juu ninaona kitu kikubwa kinapotea pamoja nacho.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: kasiksi ni pombe ya ndizi. Iko Bushi yote, Kabare, Walungu, Katana, Nyangezi, na kwa ndugu zetu Bahavu wa Kalehe na Idjwi. Ngambo ya Ruzizi, Wanyarwanda wanayo ya kwao, wanaita urwagwa. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, anaitengeneza katika groupement moja ya Kabare tangu nilipokuwa mtoto, na ginsi anavyoitengeneza ninaijua kuliko masomo mengi niliyosoma. Mikungu inakatwa ikiwa imekomaa lakini bado mibichi. Inazikwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa joto kwa moshi, ao inawekwa juu ya moto wa jikoni, siku ine ao tano, paka ndizi ziive na kulainika. Hapo zinamenywa, zinatiwa katika mutumbwi wa mti, na watu wanazikanda pamoja na nyasi. Nyasi si ya kupamba: njo inayoshika nyama ya ndizi ili maji yatoke. Ukikanda bila nyasi utapata uji, hautapata maji.

Maji yale ya kwanza tunaita mutobe. Ni matamu sana, hayana kileo, mtoto anakunywa, mama mzazi anakunywa. Kisha wanachanganya na maji kiasi, wanatia unga wa mtama uliokaangwa, wanafunika kwa majani na mikeka ya zamani ili joto lisitoke, na siku ya pili ao ya tatu kitu kinachemka chenyewe bila moto. Wanafunzi wangu wanapofika kwenye somo la chachu, siandiki kwanza fomula ya glukozi ubaoni. Ninawauliza nani mama yake anatengeneza kasiksi. Mikono inainuka kwa haya, kwa sababu wanazani ni kazi ya maskini. Basi ninawaambia kwamba dipolome yangu ya ISP, sehemu yake kubwa imetoka katika ule mutumbwi. Baba alikufa nikiwa darasa la ine ya sekondari. Shangazi njo aliyelipa. Kila mwanzo wa muhula alikuwa anashuka Bukavu kwa miguu na bido mbili, anauza Kadutu, na jioni ananipa franga zikiwa bado zinanuka ndizi.

Desturi ya kuonja nilizani ni yetu peke yetu, paka nilipotembea kidogo. Mwaka 2012 nilikaa miezi miwili Kampala kwa ndugu. Jioni walinipeleka mahali wanapokunywa malwa, pombe ya ulezi iliyotoka kwa watu wa Teso. Chungu kimoja kiko katikati, watu wamekizunguka kwenye viti, kila mtu na mrija wake mrefu, na mara kwa mara mwenye chungu anaongeza maji ya moto. Kuna wazee wanaokuja na mrija wao kutoka nyumbani, kama vile mwalimu anavyokuja na kalamu yake. Nilingoja nione nani ataonja wa kwanza. Hakuna. Nikafikiri sana, nikaelewa: pale haina lazima. Chungu ni kimoja, yote inatoka ndani ya tumbo moja. Anayetaka kumuua jirani yake angeua mtaa mzima pamoja na yeye mwenyewe. Mirija mirefu inafanya kazi ile ile inayofanywa na fundo la kwanza kwetu.

Shemeki yangu anaenda mbali kuliko mimi. Ni mufanyabiashara, anafata mali Guangzhou, kule China, ambako Waafrika wengi wanapanga karibu na mtaa wa Xiaobei. Alinisimulia ginsi mwenye kiwanda alivyowaalika chakula baada ya kupatana bei. Pombe yao inaitwa baijiu, nyeupe kama maji, na nguvu yake ni mara kumi hivi ya bia. Wanaikunywa katika vikombe vidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa. Mwenye chakula anasimama, anasema ganbei, yaani kausha kikombe, anakunywa yote kwa mara moja, kisha anageuza kikombe wote waone kwamba hakuna kilichobaki. Hapo njo wageni wanafata. Na ukigonganisha kikombe na mtu mukubwa kuliko wewe, unashusha chako kidogo chini ya chake. Hauwezi kujimiminia peke yako ukaacha jirani yako mukavu. Shemeki, ambaye hakusoma sana lakini ana macho, alisema: «Mwalimu, bale batu biko Bashi.» Na alipouliza pombe ile inatokana na nini, wakamujibu mtama. Mtama! Ule ule unga ambao shangazi anaukaanga ili kuamsha kasiksi. Nami nikamwongezea jambo ambalo hakulijua: ndizi zenyewe, babu zake walitoka Asia, zikaja Afrika zamani sana kabla ya Wazungu. Kwa hiyo wakati sisi tunaita kasiksi pombe ya mababu, tukumbuke mababu nao walipokea.

Kilichokuja kuondoa kuonja, mimi ninasema, ni kifuniko. Primus ilianza kutengenezwa Léopoldville katika miaka ya 1920, na baadaye Bralima ikaweka kiwanda hapa Bukavu. Chupa inakuja imefungwa, na aliyeifunga ni mashine isiyokujua, haina ugomvi na wewe. Angalia katika nganda yoyote ya Essence ao Nyawera: mtu akiletewa bia iliyokwisha kufunguliwa, anairudisha. «Funguliya hapa, mbele yangu.» Anayefungua ni mtoto wa kazi, hata jina lake haujui, lakini ule mlio mdogo wa kifuniko njo umechukua nafasi ya fundo la mwenye nyumba. Sipingi bia, mimi mwenyewe ninaikunywa. Ninasema tu kwamba kifuniko kinakuhakikishia chupa, hakikuhakikishii mtu.

Na hapa Bukavu tuna deni na mtu. Kila msomaji wa kwetu anajua neno karuho. Ni sumu ya polepole, wanasema, mtu anakutilia katika kinywaji, kisha unakonda, unakohoa, tumbo linakuuma, miezi na miezi paka unakufa. Sisemi kwamba hakuna mtu aliyewahi kumutilia mwenzake sumu. Dunia ni dunia. Lakini kukonda, kukohoa, homa za jioni, hizo ni alama za kifua kikuu, na tumbo linaweza kuwa kidonda ao ini. Mgonjwa anapelekwa kwa mutapishaji, anakunywa majani, anatapika, anaonyeshwa kitu katika beseni, familia inalipa. Wakati ule dawa za kifua kikuu ziko bure katika santé, miezi sita mtu anapona. Nimezika wanafunzi wawili waliochelewa hivyo.

Ubaya wa pili ni kwamba karuho inataka jina. Na jina linalopatikana haraka ni la mwanamke muzee anayeishi peke yake na anayeuza kitu cha kunywa. Mwaka 2021, katika Kivu yetu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa na vijana vijijini, wengine kwa moto, juu ya neno tu, bila tribinali. Kwa hiyo niliposikia kwamba jina la shangazi linatembea, sikulichukua kama maneno ya wanawake wa kisimani.

Lilianza na migomba. Ugonjwa wa mnyauko, ule watu wa kilimo wanaita BXW, ulionekana Masisi mwaka 2001, ukashuka paka kwetu. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, ukikata shina unaona maji mazito ya manjano yanatoka. Shamba la jirani wa shangazi lilikwisha lote. La shangazi lilibaki, ijapokuwa lilipungua. Sababu yake ilikuwa wazi: alifata shauri la agronome neno kwa neno. Alivunja maua dume kwa fimbo yenye panda badala ya kisu, alikata shina lililougua mara tu alipoliona, na kisu alikipitisha katika moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Lakini watu wanapoona shamba moja limekauka na lingine liko kijani, hawaulizi kuhusu kisu. Kisha mwanaume mmoja aliyekuwa anakunywa kwake akafa baada ya kukonda muda mrefu. Basi, hesabu ikafungwa. Wanunuzi wakapungua, wakabaki wazee watatu ine wanaomjua tangu ujana.

Ikaja dote ya binti wa yaya yangu, mwezi wa ine 2025. Kila mtu anakumbuka wakati ule. Vita ilikuwa imefika mujini mwezi wa pili, banki zilikuwa zimefungwa, mishahara ya walimu haikufika, na kasiye ya bia haikuwa tena ya bei ya mwalimu. (Mwezi wa sita mwaka ule ule, Heineken, wenye Bralima, walitangaza kwamba wamepoteza usimamizi wa kiwanda cha Bukavu na mali zao za Goma.) Tulipokaa kupanga, nikasema: kasiksi iko, shangazi atatengeneza bido ine. Chumba kikanyamaza. Muke wa yaya njo alisema kile ambacho wengine walikuwa wanakitafuna:

«Mwalimu, unataka batu bakufe mu dote ya mutoto?»

Baba mukubwa alikohoa, akaangalia mlango. Nikajibu kwamba nitanunua kasiksi ya mtu mwingine siku ile watakaponitajia mtu mwingine aliyelipa masomo katika familia hii. Haikuwa jibu la kuleta amani, ninajua, lakini lilifunga mkutano.

Siku yenyewe bakwe walitoka Kalehe, watu kumi na wawili. Shangazi alikaa karibu na bido zake, kitenge kipya kichwani, na mimi niliona kwamba anajua. Hakuna aliyemwambia, lakini mtu anajua. Akajaza kibuyu. Kwa desturi anakunywa fundo moja ao mbili; siku ile alikunywa kirefu, paka watu wakaanza kuhesabu. Akapangusa mdomo, akaninyooshea. Nikakunywa nami kirefu. Upande wa familia yetu watu walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Muzee wa bakwe, ambaye hakujua lolote la hadithi yetu, ao labda alijua na akaamua kutojua, alinyoosha mkono mbele ya zamu yake.

«Mama, leta. Toka asubui tuko mu njia.»

Akakunywa, akafunga macho, akauliza: «Iyi mtama ulikaanga namna gani? Kwetu banaiunguza.» Na shangazi akaanza kumweleza, moto mdogo, chungu cha udongo, usiache mkono. Wakazungumza mtama karibu nusu saa, bakwe na shangazi, wakati ng'ombe zilikuwa bado hazijatajwa. Kibuyu kikazunguka. Baba mukubwa alikunywa. Pasta wetu, ndugu wa CEPAC ambaye hagusi kileo, alikuwa amewekewa mutobe wake pembeni tangu asubui. Shangazi aliuonja nao mbele yake, ijapokuwa hakuna mtu aliyemuuliza. Muke wa yaya alikunywa Fanta aliyoifungua yeye mwenyewe. Sikumsemesha. Hofu haitoki kwa siku moja, na sikutaka iwe siku ya kumuaibisha mbele ya bakwe wa binti yake.

Sijui kama wanunuzi wote watarudi. Kufika mwezi wa nane, wawili kati ya wale walioacha walionekana tena kwenye benchi lake, na yule muzee wa Kalehe alituma mjukuu wake aje kuangalia ginsi anavyopitisha kisu katika moto, maana huko kwao pia migomba inakauka. Kwa bido zenyewe, zilirudi tatu. Ya ine ilipotea katika kazi za dote, na shangazi ananidai paka leo. Kila akinipigia simu, kabla ya salamu za watoto, anaanza na bido yake.