Tangulia Wewe Maabara

Mpwa wangu,

Mama yako alikuja juzi na lake lilelile: mkeo hashiki mimba, na safari hii amepata mtu mwenye unga wa kuzibua mirija ya uzazi. Nikamuuliza nani aliyesema mirija imeziba. Akanyamaza. Basi nakuandikia wewe, maana kazi ya maabara ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu, na mjomba na mpwa wanaweza kuambiana yasiyosemeka sebuleni.

Kwanza hesabu. Madaktari hungoja miezi 12 ya mume na mke kukutana mara kwa mara bila kinga, ndipo waanze vipimo. Mwanamke akifika miaka 35 hungoja 6 tu, na akivuka 40 hawangoji. Mkeo ana 28. Mmeoana mwaka na nusu, lakini wewe unaendesha lori la Tunduma; tukitoa wiki ulizolala kwenye foleni ya mpakani, sijui kama mwaka umetimia. Yai likishatoka huishi kama siku moja tu, na mbegu za mwanamume hukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku 5 hivi. Siku za kushika mimba ni kama 6 katika mzunguko mzima. Mara ngapi siku hizo zimekukuta njiani, Makambako?

Ningekwambia usubiri, kama si yale matubwitubwi yaliyokulaza ukiwa kidato cha tatu, korodani ikavimba. Mara nyingi hupita bila madhara makubwa, ila wapo ambao mbegu zao hupungua. Mwenye habari kama hiyo hangoji mwaka utimie. Hali kadhalika mwanamke ambaye hedhi yake haitabiriki, au aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga.

Kwa hiyo uanze wewe. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume ana sehemu yake katika tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Tena kipimo chako hakina sindano wala maumivu. Nimeona wanawake wengi wakiletwa na mawifi, wamekwisha kupigwa kila picha, na mume hajawahi hata kuulizwa. Hilo lilikuwa likiniudhi, na linaniudhi bado.

Utaratibu ni huu. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, si pungufu wala zaidi. Chombo watakupa wao; usitumie kondomu ya dukani, mafuta na dawa zake huua mbegu. Matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi, yakimwagika sema, usione aibu. Kama unatolea nyumbani, chombo kiwe ndani ya shati karibu na mwili, na kifike maabara kabla ya saa moja kupita. Kama dini inakutia shaka kuhusu kujitoa kwa mkono, waambie. Ipo mipira maalumu ya kukusanyia isiyo na dawa.

Majibu yatakuja na tarakimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinacheza. Usizimie ukiona chini ya hapo. Tarakimu hizo zilitoka kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, na 5 katika kila 100 kati yao walikuwa chini ya mstari huo. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye majibu ya leo. Yakiwa mabaya, hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi. Na zile sindano za homoni za kiume wanazouziana vijana wa jimu, kama umezigusa mwambie daktari: hukuza misuli na kuzima mbegu.

Mkeo naye atapimwa. Kipo kipimo cha damu cha kuonyesha kama yai limetoka, nacho huchukuliwa siku 7 kabla ya hedhi ijayo. Wengi huandikiwa siku ya 21, lakini hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28; wake ukiwa wa siku 35, ni siku ya 28. Asipoeleza hilo, ataambiwa yai halitoki kumbe limetoka. Picha ya mirija hupigwa baada ya damu kukatika, kabla ya yai kutoka. Huumiza kama tumbo la hedhi kwa muda mfupi. Mirija huzibwa zaidi na kisonono na klamidia, magonjwa yanayoweza kukaa mwilini kimya, au maambukizi baada ya kuzaa au mimba kutoka. Kovu la namna hiyo haliyeyushwi na unga wa kunywa, na hela ya huo unga inatosha nauli yenu wawili hadi hospitali ya mkoa.

Ukishuka safari hii, nenda kabla hujapakia mzigo mwingine. Majibu nitumie picha kwa simu, tuyasome pamoja kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote isipokuwa mkeo. Mama yako niachie mimi.

Mjomba wako