Rili ya Kutupa Mbali na Kibubu cha Wawili

Kuna ndoa moja huko Kigamboni ilitaka kuingia doa kwa sababu ya kitu kisichofika hata nusu kilo. Si mchepuko, si simu, si ndugu wa mume. Ni rili ya kuvulia samaki.

Mume ni fundi AC, mke ni fundi cherehani. Kila Jumapili alfajiri jamaa yuko kwenye miamba. Kolekole wanapita nje kidogo, pale maji yanapobadilika rangi, na mtupo wake unaishia kama hatua ishirini kabla ya hapo. Anawaona kabisa wanavyorusha maji wakifukuza vidagaa, chambo chake kinadondoka huku karibu. Aliyewahi kuvua kutokea nchi kavu anajua uchungu huo.

Akaamua dawa ni rili ya beitikasta, ile inayokaa juu ya fimbo, spuli yake imelala kama bobini na inazunguka yenyewe uzi unapotoka. Akaomba laki nne kwenye kibubu cha nyumbani. Shida ni kwamba mke alishakuta rili mbili zimefichwa kwenye boksi la spana, za bei ambayo hajawahi kuambiwa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mume wangu, pesa ipo. Ila safari hii unanieleza kila shilingi inaenda wapi, na dukani tunaenda wote."

Hapo ndipo jamaa alipogundua kwamba yeye mwenyewe hajui anachonunua.

Swali la kwanza la mke lilikuwa jepesi: hii uliyonayo ina ubaya gani? Ukweli ni kwamba haina ubaya. Kwa chambo chepesi, tuseme chini ya gramu 7, rili ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo ndiyo bora, maana uzi unachomoka wenyewe bila kuzungusha kitu. Beitikasta ikipewa chambo chepesi inagoma. Inaanza kupata utamu pale unapotupa kitu kizito kwa uzi mnene. Uzi mnene kwenye rili ya kawaida unatoka kwa mizunguko mikubwa na kugonga pete za fimbo, na kila mgongo ni mita zinazopotea. Jamaa anatupa chambo cha gramu 30 hadi 40, na anatumia uzi mgumu kwa sababu ya miamba. Basi hoja yake ikapita.

Wakaenda Kariakoo. Muuzaji akatoa mashine inayong'aa, bei juu ya laki tatu na nusu, akaisifia: uwiano wa gia 8.1 kwa 1, beringi 12. Jamaa macho yakamtoka. Mke akauliza, "Hiyo nane ndiyo inafanya itupe mbali?"

Kimya.

Uwiano wa gia ni hesabu ya kurudisha uzi, si ya kuutupa. 8.1 kwa 1 maana yake ukizungusha mkono mara moja, spuli inazunguka mara nane na kidogo. Ukishatupa mbali inasaidia kukusanya haraka uzi uliolegea, hilo ni kweli. Lakini wakati wa kutupa, spuli inakuwa imeachiwa huru, gia hazina kazi. Na beringi 12 ni hivyo hivyo: zinazohusika na mtupo ni zile zinazoishika spuli yenyewe. Nyingine ziko kwenye mkono na sehemu nyingine, zinafanya rili iwe laini kuzungusha. Ukilipia idadi tu, umelipia mapambo.

Cha kuangalia ni spuli. Na hapa fundi cherehani akawa mwalimu, maana anashinda na bobini tangu asubuhi. Spuli ndogo na nyepesi inaanza kuzunguka kirahisi, inafaa chambo chepesi. Ila ukitupa mbali uzi unapungua, duara la uzi uliobaki linakuwa dogo, inabidi spuli izunguke kwa kasi zaidi kutoa uzi ule ule, na mtupo unakufa mapema. Spuli pana yenye kubeba uzi mwingi haishuki haraka. Ni nzito kuanza, lakini gramu 40 zinaiamsha bila shida. Kwa hiyo jibu linategemea unatupa nini. Anayesema rili fulani ndiyo inatupa mbali kuliko zote bila kukuuliza uzito wa chambo, mwache na duka lake.

Jambo la pili ni kile kitundu kinachotembea kushoto na kulia kupanga uzi. Kikiwa chembamba, uzi unaotoka pembeni mwa spuli unapinda na kusuguana nacho. Baadhi ya rili za Daiwa zina uwazi mpana juu ambao uzi unapitia wakati wa kutupa, halafu unarudi kwenye sehemu nyembamba wakati wa kuvuta. Na wale wa Ulaya wanaoshindana kutupa risasi ya gramu 150 zaidi ya mita 200, wengi wametumia Abu Ambassadeur za duara zisizo na hicho kitundu kabisa. Uzi wanaupanga kwa dole gumba.

Jambo la tatu ni breki. Spuli ikizunguka haraka kuliko uzi unavyotoka, unapata mvurugano kama rasta zisizochanwa miaka mitatu. Ndiyo maana kuna breki za sumaku, nyingi zinarekebishwa kwa kitufe cha pembeni, na kuna za vipande vidogo vinavyofunguka kwa kasi ya mzunguko na kusugua ukingo. Breki nyingi inakupa amani, lakini inakula umbali. Anayeanza anahitaji rili ambayo breki yake inarekebishwa kirahisi, ili aanze nayo juu na kuishusha taratibu kadiri mkono unavyozoea.

Halafu likaja jambo ambalo jamaa hakulifikiria kabisa. Fimbo yake haifai. Ya beitikasta pete zake zinatazama juu, na mshikio una kifyatuo kidogo cha kuwekea kidole. Pia ilikuwa fupi, na fimbo ndefu kidogo yenye kumudu uzito wa chambo ndiyo inayorusha. Angenunua ile inayong'aa, angebaki na pungufu ya elfu hamsini, rili nzuri na fimbo ya kufungia kamba ya nguo.

Hesabu ya mke ikawa hivi: rili ya kawaida yenye spuli pana, 220,000. Fimbo ya futi tisa, 110,000. Uzi wa kusuka, ambao ni mwembamba kuliko nailoni kwa nguvu ile ile, pamoja na kipande kinene cha mbele cha kupokea kishindo cha mtupo na kusuguana na mwamba, 50,000. Jumla 380,000. Elfu ishirini ikarudi kwenye kibubu. Jamaa alinuna mpaka kivukoni.

Lakini nyumbani ni mke aliyejaza uzi, kwa kuukaza sawasawa kama anavyojaza bobini, akaacha milimita tatu hivi kabla ya ukingo. Wiki tatu jioni wakawa kiwanja cha mpira na chubwi bila ndoano, watoto wa mtaa wakicheka. Kwanza kile kitufe cha kukaza spuli: kaza mpaka chubwi likiachiwa linashuka polepole, na likigusa chini spuli inasimama. Kisha dole gumba juu ya uzi, linaligusa kidogo spuli ikikimbia, linaibana chubwi linapotua. Siku ya kwanza jamaa alitumia muda mwingi kufumua kuliko kutupa. Mke alitupa hatua thelathini bila fundo hata moja. Dole lake limeshika uzi miaka kumi.

Sasa jamaa anafika pale maji yanapobadilika rangi. Si kila Jumapili anarudi na kolekole, bahari haina mkataba na mtu. Akirudi, rili inaoshwa kwa maji baridi ya kumwagia taratibu na kufutwa, maana chumvi haijali bei. Zile mbili za kwenye boksi la spana ziliuzwa, na bei zake alizitaja mwenyewe kabla hajaulizwa.

Marafiki zake wanasema amekaliwa. Kwamba mwanaume kamili hapelekwi dukani na mkewe kununua kifaa cha starehe yake. Wengine wanasema mwanamke akikuuliza kila shilingi, amekuokoa na muuzaji.

Wadau, nyie mnasemaje? Starehe ya mmoja itoke kwenye kibubu cha wawili, au kila mtu na mfuko wake?