Swichi ilivyotaka kuninyima tenda ya staa

Leo sina ubuyu wa mtu kuachwa, ingawa staa yumo humu ndani. Jina kapuni, nisije nikakosa kazi nyingine.

Mimi nafyeka nyasi. Nina ile mashine ya petroli ya kubeba begani, niliinunua mtumba, na ndiyo inanilipia chumba hapa Maji ya Chai. Ijumaa moja akanipigia dada mmoja ambaye kila mwenye simu anamjua. Ana nyumba huku kwa juu, kesho yake saa nane mchana ni bethidei ya mwanae, bustani imegeuka pori. Akanirushia advansi ya sh. 20,000. Yote nikampa mama mwenye nyumba, maana alishaanza kuniita kwa jina langu kamili.

Jumamosi alfajiri navuta kamba, kimya. Navuta tena na tena mpaka mkono unakufa ganzi. Petroli ipo, oili nimechanganya vizuri, plagi ya juzi tu. Fundi wa kwanza akaniambia koili imekufa, lete 45,000. Hakufungua hata skrubu moja, aisee!

Nikaenda kwa mzee mmoja wa pikipiki pembeni ya barabara ya Moshi.

"Shikamoo mzee. Nimewasha swichi lakini haitaki."

"Marahaba. Kijana, swichi ya hii haiwashi. Inazima tu."

Kumbe mashine hizi hazina betri. Kuna sumaku inazunguka mbele ya koili ukivuta kamba, umeme unazaliwa hapo hapo. Ukiweka swichi kwenye kuzima, kawaya kembamba kutoka kwenye koili kanaunganishwa na bodi ya injini, umeme unaishia huko, plagi haipati kitu. Sasa kawaya hako kakichubuka popote njiani kakagusa chuma, mashine inajua imezimwa. Hata ubonyeze swichi mpaka kesho.

Mzee akasogeza kidumu cha petroli mbali, akachomoa kawaya kwenye koili, akaigusisha plagi kwenye chuma cha injini, akavuta. Cheche ya bluu! Koili nzima kabisa. Akaufuata waya taratibu kwa vidole mpaka pale mpini unapokutana na bomba. Ganda limelika kwa mtikisiko, shaba iko nje. Akapiga tepu nyeusi, akaufunga usisuguane tena, akaurudisha kwenye koili. Nilitaka niondoke hivyo hivyo bila kuurudisha, akanifokea: utaizimaje kisu kikiwa kinazunguka? Gharama sh. 3,000, na hiyo nilimlipa jioni.

Kwa staa nilifika saa nne na nusu. Katoka na kanga, bila zile filta zenu. "Mdogo wangu, nimeshamwita mwingine, yuko njiani anatoka Usa River." Sikujibu. Nikavuta mara mbili, ikanguruma. Akampigia yule mwenzangu arudi. Iliniuma kidogo, ila kodi nayo ilikuwa inaniuma.

Picha za sherehe mliziona wenyewe, mka-laiki mpaka basi. Zile nyasi nyuma ya keki ni kazi yangu.

Tatizo ni yule fundi wa 45,000. Kila nikipita anapaza sauti, "Bosi, koili ulipata?" Nimjibuje, wadau? Tupieni komenti.