Rangi ya Baiskeli

Ushirombo nilimkuta kijana akiandika jina la duka ukutani. Pembeni, kwa rangi iliyosalia, alikuwa amechora twiga. Alidai bila shule ya sanaa hatafika popote. Nikamsimulia Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, kibarua wa zamani wa mashamba ya mkonge. Mwaka 1968 hivi, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, akawafundisha nduguze. Mwaka 1972 polisi walimuua kwa risasi, wakimdhania mhalifu.

“Na nduguze?”

Waliendelea kuchora, mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Hapo kijana akaweka brashi chini, akaniuliza ushirika husajiliwa wapi. Nilimwelekeza halmashauri ya Bukombe. Maofisa, akibisha hodi, msimwambie arudi kesho.